Dirisha la Nnalongo na Ukuta wa Afande

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za ofisi, zote kumi na moja, pamoja na nne ambazo hakuna anayejua zinafungua wapi. Vijana wa ofisini mlinikatia keki mkasema nitoe hotuba. Nikakataa. Nimeuza nyumba Kampala tangu vita vya themanini na sita viishe, na hotuba zangu zote nilizitoa mbele ya wateja waliokuwa wakiutafuta mlango kwa macho. Sikutaka kuwaona nanyi mkiutafuta, hasa keki ikiwa bado nusu. Kwa hiyo nimeandika, na atakayechoka ataacha bila mimi kumwona.

Nani alipanda cheo na nani alipewa gari, mtayasoma kwenye mafaili. Mimi naandika habari za madirisha. Kwenye kadi nilikuwa dalali wa nyumba, lakini kazi niliyoifanya kweli ilikuwa hii: mtu akitaka kuuza, natangulia kabla ya mnunuzi, nasimama kwenye kila dirisha, natazama nje na kujiuliza kama mimi mwenyewe ningependa kuamka kila asubuhi nikione kile kilichoko pale. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, na hapo nilianza kukunja mikono ya blauzi.

Nilikuwa na sababu ya kupenda madirisha. Mimi ni binti wa koplo wa polisi, nimezaliwa kaskazini nikakulia kambini hapa mjini, katika kibanda cha bati cha mviringo chenye dirisha moja. Dirisha hilo lilitazama dirisha la jirani, na jirani alikuwa akitutazama sisi. Chakula chetu alikijua kabla hakijaiva. Kambini tulikuwa wa makabila yote, basi tulipendana na kugombana kwa Kiswahili, na ndiyo maana naandika kwa lugha hii hata leo.

Vita vilipokwisha, nyumba nyingi za mjini hazikuwa na madirisha ya kueleweka. Watu walikuwa wameyaziba kwa matofali, kwa mabati, hata kwa milango ya makabati. Aliyepata kazi nyingi wakati huo alikuwa fundi wa vioo aliyeitwa Ssalongo. Hilo si jina, ni heshima anayopewa baba wa mapacha, na mkewe huitwa Nnalongo. Lakini sisi hatukuwahi kuwaita vingine. Ssalongo alikuwa anatia vioo, na mwenye nyumba akishaona mwanga unaingia, anamwuliza kama hamjui mtu wa kuinunua. Polepole akawa dalali. Mimi nilikuwa msichana aliyejua kuandika na asiyeogopa kubisha hodi kwa wanajeshi, akanichukua.

Siku ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba moja kule Mengo, akaniweka mbele ya dirisha la sebule.

"Kaa hapo," aliniambia. "Angaria nje. Andika yote unaona."

Ssalongo alikuwa Muganda kamili, na akizungumza Kiswahili, herufi L na R zilipokezana zamu zilivyotaka. Nikaangalia. Baada ya saa nzima nikampa karatasi: miti, mapaa, kilima, ng'ombe mmoja. Akaisoma, akachungulia nje mwenyewe.

"Na yule ssebo anakojoa pale kwa ukuta?"

"Nimeona aibu kumwandika bwana huyo."

"Wewe uko na aibu. Mnunuzi hana. Mnunuzi ataona yeye kwanza, ng'ombe baadaye."

Tulipanda maua mahali pale, tukidhani mtu mstaarabu hatakojolea maua. Hatukupata mtu mstaarabu, lakini maua yalistawi ajabu, na nyumba ikanunuliwa kwa ajili ya maua.

Zana zetu zilienea kwenye kikapu kimoja cha ukili. Magazeti ya zamani na siki kwa ajili ya vioo. Panga la kupunguza matawi, siyo kuyamaliza, maana tawi moja kwenye kona ya dirisha huficha nguzo ya umeme. Kamba ya katani, misumari, brashi ya chokaa. Na kigoda. Hicho kigoda vijana mlikuwa mnakicheka, lakini kimeuza nyumba nyingi kuliko nyinyi. Mnunuzi akisimama anaona paa la jirani na matairi yaliyowekwa juu yake ili mabati yasiruke. Akikaa, anaona mbingu. Basi lazima akalishwe. Unamwambia mama wa watu, "Nnyabo, umechoka na kilima, kaa kidogo," naye anakaa mahali ulipopachagua tangu asubuhi.

Amri za Ssalongo zilikuwa chache. Ya kwanza: usifunge pazia hata siku moja, kwa sababu mnunuzi akiona pazia limefungwa anakwenda kulifungua kabla hajasalimia. Ya pili: ijue ratiba ya mtaa, yaani taka huchomwa saa ngapi, na mama wa nyumba ya pili huanza kumtukana mumewe saa ngapi. Ya tatu ilikuwa kwamba unaweza kuipamba nje upendavyo, lakini ukiulizwa swali, jibu kweli. Hii ya tatu nilijifunza kwa tabu.

Ilikuwa nyumba ya upande wa Port Bell. Tangazo letu lilisema ina mandhari ya ziwa, nayo ilikuwa nayo, ila ilibidi usimame kwenye ukingo wa bafu na kutoa shingo kwenye kidirisha cha juu. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara wa mahindi kutoka Mbale, mtu mnene mwenye heshima zake. Alivua viatu, akapanda, mimi nikamshika mkanda wa suruali kwa nyuma. Wakati ule ule feri inayobeba mabehewa ya reli ikawa inaondoka bandarini.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "treni iko natembea juu ya maji."

Hakutaka kushuka. Mikono ikaanza kuniuma, na ndipo aliponiuliza kama ile treni inapita kila siku. Nikasema ndiyo, kila siku saa nne. Sikuwa na habari yoyote juu ya ratiba ya feri. Nilitaka tu ashuke. Akanunua. Miezi sita iliyofuata alikuwa akipiga simu ofisini saa nne na dakika tano. "Mama, leo haijapita. Iko shida gani?" Alikuwa ameweka kiti bafuni, na nilisikia kwamba wageni wake aliwapokelea humo. Ssalongo aliipokea simu moja kwa bahati mbaya. Alipoiweka chini akanigeukia.

"Sasa wewe ni kaputeni?" aliniuliza.

Tangu siku hiyo sikumdanganya mnunuzi kwa mdomo, isipokuwa mara moja. Kwa mikono, hilo ni jambo lingine, na ndilo linalonileta kwenye kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo.

Mnajua kwamba fundi wa madirisha mkubwa kuliko wote Kampala alikuwa akikaa kwenye nyumba yenye dirisha baya kuliko yote? Nyumba ya Ssalongo ilikuwa juu kabisa ya kilima, na zamani sebule yake iliona bonde lote mpaka maji yanapometameta. Kisha chini yake kidogo alihamia jirani, Afande Opio, polisi aliyestaafu. Kabla hajastaafu, Afande alipelekwa kazini mbali kwa mwaka mmoja. Aliporudi akakuta watu wanakula chakula cha mchana sebuleni kwake. Baba wa familia alimkaribisha vizuri, akamwuliza anamtafuta nani. Dalali mmoja, ambaye simjui na sitaki kumjua, alikuwa amewauzia nyumba ya Afande pamoja na viti. Kuwatoa kulichukua muda mrefu, na viti vyake viwili hakuvipata tena.

Afande akajenga ukuta. Aliujenga mrefu kama wa kambi, mita tatu tu kutoka dirisha la Ssalongo, na upande wa juu, unaotazama nyumba ya Ssalongo, akaandika kwa rangi nyekundu, herufi zenye urefu wa mkono: NYUMBA HII SI YA KUUZA. BROKA KAA MBALI. Maneno kama hayo yako kwenye kuta nyingi za Kampala, lakini wengine huandika kwa Kiingereza au Kiganda. Yeye alichagua Kiswahili kwa makusudi, maana hapa kwetu ukuta ukisema Kiswahili, mpita njia anaelewa mara moja kwamba mwenye nyumba aliwahi kushika bunduki.

Ssalongo, naye dalali, yaani broka, alichukua maneno yale kama tusi lililoelekezwa kwake. Kwa miaka mingi hao wawili hawakusalimiana. Ssalongo aligeuza kiti chake kikatazama ukuta wa ndani, wenye kalenda.

Nisingewasimulia haya kama si magoti ya Nnalongo. Njia ya kuingia kwao ilikuwa ngazi za mawe, nyingi, zisizolingana, hakuna gari linalofika. Magoti yalianza kumsumbua kidogo kidogo, halafu siku moja alishuka kwenda kanisani na kurudi kulimchukua mpaka jioni, akikaa kila ngazi ya tatu. Hakushuka tena. Mwanamke aliyekuwa akiimba kwaya na kulijua kila duka la soko la Kalerwe kwa jina la mwenyewe sasa alikaa sebuleni kutwa, mbele ya dirisha, akisoma NYUMBA HII SI YA KUUZA. Binti zao mapacha, Babirye na Nakato, waliishi Kyambogo, mahali tambarare, na karibu nao kulikuwa na kijumba kinachouzwa, kisicho na ngazi hata moja. Ili wakipate, ilibidi nyumba ya kilimani iuzwe kwanza. Ssalongo alikuja ofisini, akatoa kofia, akanipa funguo.

"Ya kwangu siwezi," alisema. "Nikisimama kwa dilisha nashikwa hasira. Uza wewe, mwanangu."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo, na nilikaa chooni dakika kumi kabla ya kurudi mezani.

Wanunuzi watatu wa kwanza walikwenda namna moja. Waliingia, wakasifu sakafu, wakamsalimu Nnalongo kwa kupiga magoti kama inavyotakiwa, kisha wakatazama nje. Mtu anayenunua nyumba Kampala haogopi wezi wala mvua. Anaogopa kununua kitu ambacho kina wenyewe watatu. Akisoma neno "si ya kuuza" kutoka ndani ya nyumba anayouziwa, hata kama limeandikwa kwenye ukuta wa mtu mwingine, anakumbuka ghafla kwamba ameacha sufuria jikoni. Wa tatu alishuka ngazi zile zote akikimbia. Nilijaribu kigoda, lakini ukuta ulikuwa mrefu mno. Ungelazimika kumlaza mnunuzi sakafuni.

Nikamwendea Afande. Nilivaa gauni la heshima, nikabisha hodi, lango likafunguka kiasi cha jicho moja.

"Wewe nani?"

"Mimi Filda Akello, afande. Toto ya Koplo Akello, ya trafiki."

Jicho likalainika kidogo. "Koplo Akello ya ile masharubu?"

"Huyo huyo, afande."

"Iko mtu nzuri sana. Na wewe nafanya kazi gani?"

Nikakumbuka amri ya tatu. "Mimi ni broka, afande."

Lango likafungwa. Nikasikia komeo la kwanza, la pili, kisha kitu kizito kinasogezwa. Niliongea na lango dakika tano nzima. Nikamweleza kwamba nataka maneno yafutwe kwa siku moja tu, na chokaa nitaleta mwenyewe.

"Futa?" sauti ilijibu. "Nilifuta mara moja tu, kwa ajili ya harusi ya toto yangu. Siku ya tatu, broka mbili nakuja na futi kupima! Mimi nasema hapana. Salimia baba."

Baba alikuwa amefariki zamani, lakini nilisema nitamsalimia.

Basi nikaamua kupanda mbele ya ukuta. Hakukuwa na muda wa kungoja mti ukue, kwa sababu mnunuzi wa nne alikuwa anakuja Jumamosi: Mwalimu Teopista, mjane wa Masaka, anayetafuta nyumba yenye utulivu. Nikapata wazo la migomba. Mgomba una majani mapana, unaweza kuung'oa mkubwa na kuusimika, na kwa siku mbili tatu hautambui kwamba umehamishwa. Nilinunua mitano, mirefu, nikaisimamisha kwenye mstari na kuifunga kamba kwa nyuma, ncha za kamba nikazinasa juu ya ukuta. Maneno yote yakafichika. Nikaingia ndani, nikakaa kwenye kiti cha Nnalongo, nikatazama. Kijani kitupu! Lakini jicho langu la kazi likasema kuna kitu kinakosekana. Migomba ilikuwa haina matunda. Nikashuka mpaka Kalerwe, nikachagua mkungu mkubwa wa matooke, ndizi zile za kupika ambazo Baganda hawawezi kuishi bila, nikapandisha kilima chote nikiwa nimeubeba kichwani. Nikaufunga kwa kamba ya katani kwenye mgomba wa katikati, nikajisifu.

Naomba mkumbuke kwamba mimi ni mtu wa mtama. Kwetu kaskazini hatulimi ndizi, na kambini ndizi zilifika zimeshamenywa. Ssalongo angeweza kuniokoa kwa neno moja, lakini alikuwa amekataa kabisa kulitazama dirisha lile. Nnalongo aliniona nikifunga. Aliniambia baadaye kwamba alinyamaza kwa sababu alikuwa hajafurahi hivyo tangu magoti yamwanze.

Mwalimu Teopista alifika saa nne, amevaa gomesi ya bluu, gauni la heshima la Kiganda, anahema. Akasalimia, akasifu sakafu. Nikamkalisha kwenye kigoda. Akatazama nje. Akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Banange," alisema. "Nnyabo, hii matooke nani amezaa?"

"Ni ya hapa hapa nyumbani," nilijibu. Amri ya tatu ilikuwa imelala.

"Ndizi zinaangalia chini!"

Nikauliza kwani zinatakiwa ziangalie wapi. Hapo akashindwa. Alicheka mpaka akatoka kwenye kigoda akakaa sakafuni. Ndizi zikiwa mgombani, nyinyi wenyeji mnajua, huelekeza ncha zake juu. Mimi niliziona sokoni mkungu ukiwa umesimamishwa vyovyote, nikaona kinachopendeza ni ndizi zikining'inia kama embe. Nilikuwa nimeufunga mkungu kichwa chini miguu juu. Halafu, alisema akijifuta machozi, mgomba wenyewe ni mbidde, aina ya ndizi za pombe, na mbidde haijawahi kuzaa matooke hata kwa maombi. Nnalongo naye akaanza kucheka, akijishika magoti. Hata Ssalongo aligeuza kiti chake kwa mara ya kwanza baada ya miaka, akaona, akasema tu, "Mungu wangu, mimi ndiye nilimfundisha."

Kwa kelele zile Afande Opio akaweka ngazi upande wake, kichwa chake kikatokea juu ya ukuta kutazama kuna nini. Ngazi ikaigonga kamba juu ya ukuta, kamba ikaachia, mkungu ukaanguka kwa kishindo, na migomba yangu mitano ikalala chini mmoja baada ya mwingine, kwa utaratibu kabisa, kama askari kwenye gwaride waliopewa amri. Maneno mekundu yakabaki wazi, na juu yake kichwa cha Afande.

Mwalimu Teopista aliyasoma. Kicheko kikaisha. Akainuka, akakung'uta gomesi.

"Hapa kuna mambo ya watu," alisema kwa upole. "Mimi ni mjane, bambi. Siwezi kununua vita."

Nikamweleza kwamba maneno ni ya jirani. Alinisikiliza kama mtu anayemsikiliza aliyefunga mkungu kichwa chini, yaani hakuniamini hata kidogo, na sikuwa na haki ya kumlaumu. Akashuka zake ngazi. Ssalongo akarudisha kiti kikatazama kalenda.

Nnalongo alikuwa bado ana machozi ya kicheko. Yakaendelea kutoka, lakini sasa yalikuwa mengine. Hakupaza sauti.

"Basi," alisema. "Mimi nitashuka hiyo ngazi siku moja tu, na sitaona njia. Watanibeba ndani ya sanduku."

Nilipiga magoti mbele yake. Nilijiona mpumbavu mwenye kamba mkononi. Nilikuwa nimefikiria macho ya kila mnunuzi, na huyu aliyekuwa akikaa pale kila siku sikuwahi kumwuliza hata mara moja anaona nini. Nilipoinua macho, kichwa cha Afande kilikuwa bado juu ya ukuta. Alikuwa amesikia. Akakohoa, akashuka.

Jumatatu asubuhi Nnalongo alinipigia simu, akasema nije nione, wala hakusema nini. Nilipanda ngazi mbili mbili. Dirishani kulikuwa na harufu ya rangi mbichi. Maneno ya zamani hayakufutwa hata herufi moja. Lakini chini yake, kwa mwandiko ule ule wa kijeshi, yalikuwa yameongezwa mengine, na mshale mkubwa ulioelekea moja kwa moja dirishani kwa Nnalongo:

ILE INGINE NDIO YA KUUZA. MWENYEWE NI MTU MZURI. MPAKA WA KIWANJA NAJUA MIMI. ULIZA AFANDE OPIO HAPA CHINI.

Afande mwenyewe alikuwa amekaa kando ya ukuta, ana rangi mpaka kwenye nyusi.

"Mimi kila asubuhi nasalimia huyu mama kwa hii ukuta," aliniambia, kana kwamba namshtaki. "Yeye najibu mimi vizuri kila siku. Broka ni broka. Lakini mama ni mama."

Ssalongo alitoka nje. Watu wazima wawili wakatazamana kwa umbali wa mita tatu, na mimi nikajiandaa kwa lolote.

"Umeandika 'mtu mzuri'," Ssalongo alisema. "Mimi au Nnalongo?"

"Mama," Afande alijibu. "Wewe bado nachunguza."

Ssalongo akacheka, akamkaribisha chai.

Nikamrudia Mwalimu Teopista, nikamwomba aje mara moja tu, nikaahidi kwamba mimi sitasema kitu. Alikuja. Akasimama dirishani, akasoma kutoka juu mpaka chini, kisha akashuka kumwuliza Afande kama ukuta ulivyoagiza. Walitembea kwenye mipaka yote, jiwe kwa jiwe, na Afande akaapa mbele ya mwenyekiti wa mtaa kwamba atatia sahihi kama jirani. Ziwa halikuonekana, wala bonde. Mwalimu hakuyaulizia. Alisema amezunguka Kampala mwaka mzima akioneshwa mandhari nzuri, na hii ndiyo mara ya kwanza dirisha kumwambia jambo alilotaka kujua. Sharti lake lilikuwa moja: maneno yabaki. Na migomba aipande mwenyewe.

Siku ya kuhama, Afande na wanawe wawili walimweka Nnalongo kwenye kiti wakamshusha ngazi zote, yeye Afande akitoa amri, "Kushoto! Polepole! Simama! Mama pumua!" Aliyekuwa akihema ni Afande mwenyewe. Nnalongo aliimba njia nzima, sauti ya pili, na majirani wakatoka kuitikia.

Niliwapa mwezi mmoja watulie, kisha nikaenda Kyambogo kuwasalimu. Nilichukua kikapu changu, kwa sababu Ssalongo alikuwa amenidokeza kwamba dirisha la sebule mpya lina matatizo. Nilikuta mlango uko wazi na hakuna mtu. Kiti cha Nnalongo kilikuwa kimewekwa mbele ya dirisha kama zamani, na kitambaa chake mgongoni. Nikakaa, nikatazama nje kwa jicho la kazi. Mbele kabisa kulikuwa na choo cha jirani, mlango wake umekatika nusu. Nyuma ya choo, rundo la taka linafuka moshi. Juu ya taka, korongo mmoja mwenye upara, amenigeuzia mgongo. Katika miaka yangu yote sijaona mandhari mbaya kama ile, na nikaanza kuhesabu ingehitaji migomba mingapi.

Babirye akapita na ndoo ya maji, akashangaa kunikuta.

"Unamngoja Maama? Ametoka tangu asubuhi na fimbo yake. Alikwenda kwaya, halafu dukani, halafu sijui. Huyo sasa hapatikani nyumbani."

Nilingoja mpaka jua likapungua. Kitambaa kwenye kiti kilikuwa kimeshika vumbi jembamba, la siku nyingi. Nikakikung'uta, nikachukua kikapu changu bila kugusa kitu kingine, nikaenda kumtafuta barabarani.